Wazazi wanachelewa, wanakopa, wananipangia kazi: nifanyeje na kituo changu cha nyumbani?

*“Ninalea watoto nyumbani kwangu, Dar es Salaam, huu mwaka wa pili. Nina watoto kumi na mmoja, wawili hawajafikisha mwaka, na dada mmoja wa kunisaidia. Ada ni shilingi 120,000 kwa mwezi, muda ni saa 12:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni. Tatizo langu ni wazazi. Mmoja anamfuata mtoto saa 1 usiku karibu kila siku, nikimwambia anasema foleni. Mwingine ni jirani tunayesali naye, ana deni la miezi miwili. Yupo anayemleta mtoto ana homa, amempa panadol asubuhi. Ikifika saa 5 mtoto anawaka moto na simu ya mama haipokelewi. Mwingine anataka picha kila saa, tena anataka mwanawe asilale mchana. Nimeweka faini ya shilingi 1,000 kwa anayechelewa, ndiyo kwanza wamezidi. Naogopa kuwabana kwa sababu mtaa wa pili kimefunguliwa kituo kingine. Niwabane au niwaache?”*

Pole kwa mzigo huo, dada. Kulea watoto kumi na mmoja ni kazi tosha, sembuse kuwalea pamoja na wazazi wao.

Umeuliza uwabane au uwaache, kana kwamba hakuna njia nyingine. Kumbana mzazi ni kumkabili akiwa mlangoni, wewe umechoka, mtoto ana njaa, naye ametoka kusimama kwenye daladala. Hapo hakuna anayesikia. Kanuni ni jambo mlilokubaliana siku ambayo hakuna aliyekosea. Kwa ulivyoeleza, kanuni bado huna. Una maombi unayoyarudia kila jioni, na kila jioni mzazi anaanza kuyajadili upya.

Tena usiwaweke wote kwenye kapu la “wasumbufu”. Anayetaka picha kila saa ana hofu, na hofu inatulizwa. Anayeleta mtoto mwenye homa anaweza kuwa anaogopa kupoteza kibarua chake, lakini anahatarisha watoto wengine kumi, na hilo halina mjadala. Anayechelewa na mwenye deni wanatumia muda wako na fedha yako kwa sababu mpaka leo vimekuwa vya bure.

Nianze na faini, maana hapo umeshangaa na hukupaswa kushangaa. Watafiti wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walilichunguza jambo hili hasa kwenye vituo 10 vya watoto mjini Haifa, Israeli, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Vituo 6 kati ya hivyo viliweka faini ndogo kwa mzazi aliyechelewa zaidi ya dakika 10. Wachelewaji wakaongezeka, mwisho wakawa karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kwenye mwenendo wao wa zamani. Ilikuwaje? Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa aliona haya. Alijua mlezi anamfanyia hisani. Ilipowekwa bei, haya ikaondoka, kwa sababu sasa ananunua muda. Kwako muda huo unauzwa shilingi 1,000, na mzazi anayeshuka kituoni ana haki ya kuona kwamba hiyo ni nafuu kuliko kukodi bajaji ili awahi.

Sasa piga hesabu ya kile unachokitoa. Siku 22 za kazi kwa saa 11 kila siku ni saa 242 kwa mwezi. Gawanya 120,000 kwa 242, unapata karibu shilingi 500 kwa saa kwa mtoto mmoja. Inakulipa kwa sababu wako kumi na mmoja kwa pamoja: saa moja inaingiza kama shilingi 5,450. Jioni akibaki mtoto mmoja, nyumba bado iko wazi, dada bado yuko kazini, taa inawaka, na huyo mmoja lazima ale kitu. Anayekuja saa 1 usiku kila siku anachukua saa 1 na nusu mara 22, yaani saa 33 kwa mwezi. Hizo ni siku tatu nzima za kazi yako.

Una njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni kuuza muda wa jioni waziwazi: huduma ya hadi saa 1 usiku, kwa mfano shilingi 60,000 zaidi kwa mwezi, inalipwa mwanzoni pamoja na ada, na mtoto anapata uji au chakula cha jioni. Inafaa kama una wazazi wawili watatu wanaotoka kazini Posta au Kariakoo na kweli hawawezi kufika saa 11:30. Ubaya wake ni kwamba unaongeza siku yako ya kazi, na dada lazima aongezewe mshahara. Kama humwongezei, unamlipisha yeye. Njia ya pili ni kufunga saa 11:30 kwelikweli. Toa dakika 15 za uvumilivu, halafu shilingi 3,000 kwa kila robo saa inayofuata, na juu ya hapo weka kikomo: mara tatu ndani ya mwezi mmoja mnakaa kikao, mwezi unaofuata ikijirudia anahamia huduma ya jioni au anaachia nafasi. Kinachofanya kazi hapo ni kikomo. Fedha peke yake, hata ikiwa kubwa, itageuka bei tena.

Na uache mwanya wa haki. Siku Jangwani imejaa maji na barabara ya Morogoro imefungwa, mji mzima umechelewa. Siku hiyo haihesabiwi kwa yeyote. Andika hivyo kwenye kanuni, ili isiwe kwamba fulani alisamehewa na fulani hakusamehewa.

Kuhusu deni la jirani yako. Deni la ada lina tabia moja: likiwa dogo mzazi analipa, likishafika miezi miwili kuhama kunakuwa rahisi kuliko kulipa. Atampeleka mtoto kwenye hicho kituo cha mtaa wa pili, akiwa hana haja hata ya kukuaga. Kwa hiyo huruma ya kumwacha alimbikize haimsaidii yeye wala wewe. Ada ilipwe kabla ya huduma, kati ya tarehe 1 na 5. Tarehe 6 unapiga simu. Tarehe 10 kama hakuna kitu na hakuna makubaliano, mtoto anasubiri nyumbani mpaka ilipwe. Inauma kuisema, lakini siku kumi za deni zinalipika.

Wengi hawalipi kwa mwezi kwa sababu hawapati fedha kwa mwezi. Mama lishe, dereva wa bodaboda, fundi cherehani, hawa wana fedha kila siku na mwisho wa mwezi hawana. Wape ada ya wiki, shilingi 30,000 kila Jumatatu asubuhi. Kwa mwaka inakuingizia 1,560,000 badala ya 1,440,000, na mzazi anaimudu. Malipo yote yapite kwenye simu, kwa lipa namba, ili kila mmoja awe na ujumbe wa kuonyesha. Fedha taslimu anayopewa dada mlangoni ndiyo chanzo cha ugomvi wa “mbona nililipa”.

Kwa huyo jirani, mfuate kwake siku ya utulivu, usimsubiri mlangoni kwako wala kanisani. Mwambie: “Mama Neema, deni limefika 240,000. Kuanzia Jumatatu tuanze kulipa 30,000 ya wiki, na 20,000 ya kupunguza deni. Ndani ya wiki kumi na mbili tutakuwa tumelimaliza. Ikikatika wiki mbili mfululizo, nitaomba Neema apumzike kwanza.” Liandikwe, mtie sahihi. Na ukitaka kumsaidia ndugu, rafiki au muumini mwenzako, msaidie kwenye bei, mpunguzie hata 20,000, lakini kanuni ya muda na ya afya imguse kama wengine. Punguzo la bei linabaki kati yenu wawili. Kanuni ikilegezwa, kila mzazi anaiona.

Hapa kuna dhana nyingine ya kusahihisha. Wazazi wengi huamini wanalipia siku ambazo mtoto amefika, hivyo akiugua wiki moja wanakata. Wanacholipia ni nafasi. Pango lako halipungui mtoto asipokuja, wala mshahara wa dada. Lieleze hilo siku ya kumpokea mtoto, pamoja na siku za sikukuu na wiki utakazofunga, kabla halijageuka hoja ya mwisho wa mwezi.

Homa sasa, na hapa nakuomba usirudi nyuma hata kidogo. Parasetamoli inashusha joto kwa saa nne hadi sita, ugonjwa uko palepale. Mtoto aliyepewa saa 12 asubuhi atapoa akifika kwako na atawaka tena kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Ndiyo saa 5 yako hiyo. Hatari kubwa zaidi ni dozi juu ya dozi. Mama amempa Panadol, wewe hujui, unampa Calpol, dada anaongeza dawa ya mafua, na zote tatu zinaweza kuwa na parasetamoli ileile. Ikizidi inaharibu ini.

Nunua kipimajoto cha dijitali. Pima kila mtoto anayefika akiwa ananyong'onyea, kwapani, mbele ya mzazi. Nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa: anarudi na mzazi wake, akapimwe malaria kituo cha afya. Kila asubuhi uliza swali hilihili kwa kila mtu: “Leo amepewa dawa yoyote? Saa ngapi?” Jibu liandike. Anarudi akishakaa saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa. Kwa kuharisha au kutapika, saa 24 tangu mara ya mwisho. Wapo wanaotaka saa 48, na kwa kituo chenye watoto wachanga kama chako ningechukua hizo 48. Tetekuwanga, mpaka malengelenge yote yakauke. Dawa yoyote ya kumpa mchana ije na maandishi ya mzazi: jina la dawa, kipimo, saa aliyopewa mara ya mwisho, sahihi. Bila karatasi, hapewi.

Mtoto akipandisha homa mchana, mpigie mzazi, asipopokea piga namba ya pili, kisha ya tatu. Usimpokee mtoto yeyote bila namba tatu za watu walio ndani ya mji, na mmoja wao awe anaweza kufika kwako ndani ya saa moja. Huyo ndiye mkombozi wa mama anayeogopa bosi wake: bibi, shangazi, jirani anayeuza duka. Mwambie mama ukweli kwamba unajua hawezi kuacha kazi kila mara, ndiyo maana unataka mtu huyo. Ila ukiona mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea mno na haamki vizuri, usisubiri simu ya mtu. Nenda hospitali, wengine wapige simu wewe ukiwa njiani. Ruhusa ya kufanya hivyo iwemo kwenye fomu aliyosaini mzazi.

Mama wa picha ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani. Mlezi anayepiga picha kila saa ameacha kuangalia watoto, na unaweza kumweleza hivyo bila kumkwaza. Mpe kitu bora: taarifa moja mchana watoto wakiwa wamelala, ikisema amekula nini na kiasi gani, amepata choo mara ngapi, amelala saa ngapi, pamoja na picha moja ya mtoto wake peke yake. Wiki mbili za kwanza, ambazo hofu iko juu, mpe taarifa mbili. Akizoea kwamba taarifa inafika saa 8 bila kukosa, ataacha kuiulizia. Kundi la WhatsApp liweke kwamba wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe, na usitume humo picha yenye watoto wa wengine bila idhini ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake.

Kuhusu kutolala, msikilize kwanza. Huenda anafika nyumbani saa 2 usiku, mtoto yuko macho mpaka saa 5, na yeye anaamka saa 10 alfajiri. Shida yake ni ya kweli, dawa aliyochagua ndiyo yenye kasoro. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Ukimnyima mtoto wa miaka miwili usingizi wa mchana, jioni atakuwa analia na kung'ata wenzake, na mara nyingi usiku ndio kwanza hatulii. Unachoweza kutoa ni kufupisha: alale saa 6:30, umwamshe saa 8 kamili, asisogee hadi saa 10. Mtoto wa miaka minne anaweza kupumzika na kitabu kwenye mkeka bila kulazimishwa kulala. Huo ndio mpaka wa mazungumzo: mzazi anajua nyumbani kwake kukoje, wewe unajua mtoto anahitaji nini akiwa kwenye kundi.

Hukuniuliza kuhusu anayemchukua mtoto, lakini nakuwekea kwa sababu ndilo kosa lisilorekebishika. Andika majina ya watu wasiozidi watatu, picha zao na namba za vitambulisho. Hakuna mtoto anayepakiwa kwenye bodaboda “kwa sababu mama amempigia dereva”. Mzazi akibadilisha mtu, anapiga simu na mnasikilizana sauti. Ujumbe wa maandishi hautoshi, maana simu huibiwa. Baba na mama wakiwa na ugomvi wao, wewe si hakimu: omba nakala ya amri ya mahakama kama ipo, na kama haipo, wapeleke wote wawili kwa Afisa Ustawi wa Jamii wakubaliane kwa maandishi.

Sasa namna ya kuzianzisha. Usitume tangazo kali usiku kwenye kundi. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi: muda, ada na tarehe yake, kuchelewa, ugonjwa na dawa, wanaomchukua mtoto, siku za kufunga, na taarifa ya wiki mbili kwa anayeondoka. Toa notisi ya siku 30. Kaa na kila mzazi dakika kumi, na uanze na wale wasio na tatizo. Wakishasaini saba, yule wa saa 1 usiku hawezi kusema umemlenga yeye. Nakala mbili, moja yake. Na dada asijadili ada wala muda na mtu, jibu lake liwe moja: “Hilo mwulize mama mwenyewe.” Wazazi huanza kubembeleza pale wanapoona pamelegea.

Mtu akivunja kanuni, mpigie kesho yake saa 8 mchana, watoto wakiwa wamelala, na uongee kwa ufupi: “Mama Junior, jana ilikuwa mara ya tatu. Tulikubaliana tukifika hapo tukae. Unaweza Jumamosi saa 3?” Usijieleze kwa maneno mengi, ukijieleza sana unafungua mjadala.

Kanuni hizo zikubane na wewe. Mlango uwe wazi saa 12:30 kamili. Mtoto akikwaruzwa au kung'atwa, mzazi ajulishwe kabla hajaliona mwenyewe, na liandikwe kwenye daftari la matukio: saa, mahali, kilichotokea, ulichofanya, sahihi. Mzazi anayegundua jeraha wakati wa kumwogesha mtoto, na hukumwambia, atakuwa msumbufu tangu siku hiyo, na atakuwa na sababu. Na niseme wazi: watoto kumi na mmoja kwa watu wazima wawili, wakiwemo wachanga wawili, ni wengi. Mchanga mmoja akibadilishwa nepi, mtu mmoja ndiye anayeangalia kumi. Kabla ya kupokea wa kumi na mbili, ongeza msaidizi.

Je, utapoteza mtu? Yawezekana, mmoja au wawili. Anayeondoka kwa sababu ya muda huenda akakuta kituo cha pili nacho kinafunga saa 11:30. Akiondoka yule wa jioni unapungukiwa 120,000 na unarudishiwa zile saa 33. Nafasi yake, kwa mtaa wenye wazazi wanaofanya kazi, kwa kawaida hujazwa. Akiondoka mwenye deni, hujapoteza mapato. Wanaokaa ni wale ambao muda wote huu walikuwa wanalipa tarehe 2, wakifika saa 11, na kujiuliza mbona wengine hawafanyi hivyo.

Kuna mambo ya kutotatua peke yako. Kama hujasajili kituo, anzia ofisi ya Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako wiki hii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka usajili, na mzazi anayekutishia “nitakushtaki ustawi” ana nguvu juu yako mradi hujasajiliwa. Mwonyeshe afisa huyo pia ukurasa wako wa kanuni na idadi ya watoto. Mzazi akikutukana, kukutishia au kuja amelewa kumchukua mtoto, usibishane mlangoni: mpigie mtu wa pili kwenye orodha, na ikibidi ofisi ya mtaa au polisi. Ikifika saa 2 usiku na namba zote tatu hazipatikani, mjulishe mtendaji wa mtaa na Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, usimpeleke mtoto kulala kwa mtu mwingine. Ukiona alama za kipigo, au mtoto anaogopa kuguswa na mtu fulani, andika ulichokiona bila kumhoji mtoto maswali ya kumwelekeza, kisha umwone Afisa Ustawi siku hiyohiyo au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Hilo halisubiri kikao cha Jumamosi, na mzazi husika asiwe wa kwanza kuambiwa.